Mkubwa Ndiye Abebaye Kuni

Mhadhara kuhusu kuwafundisha watoto wadogo upendo na sadaka katika Ukristo, uliotolewa mjini Morogoro mbele ya walimu wa shule ya Jumapili, makatekista na wazazi



Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Nimepiga hodi kwa salamu zote tatu kwa sababu watoto tutakaowazungumzia leo hawakai mbalimbali. Wanakalia dawati moja, wanachota maji bomba moja, na siku ya sikukuu wanapelekeana sahani ya pilau iliyofunikwa kawa.

Nawashukuru walioandaa mkutano huu kwa kunipa mada ambayo nimeishi nayo darasani na kanisani kwa zaidi ya miaka thelathini. Kusudi langu ni moja. Nataka tukubaliane namna ya kumfundisha mtoto, tangu miaka mitatu hadi kumi na miwili, habari ya upendo unaojitoa, ambayo ndiyo kiini cha imani yetu, bila kumtia hofu, bila kumdanganya, na bila kumtwisha mzigo ambao Mungu hakumtwisha. Nitatoa hoja tano. Lakini kabla ya hoja, niruhusuni niungame kosa.

Miaka mingi iliyopita niliwasimulia watoto wa miaka mitano na sita habari ya Ibrahimu na Isaka. Nilijiandaa. Nilichora mlima ubaoni, nikachora madhabahu, nikaonyesha kwa mkono wangu jinsi kisu kilivyoinuliwa. Darasa lilinyamaza kabisa, nami nikafurahi, nikidhani ukimya ule ni uchaji. Jumamosi iliyofuata, asubuhi, baba wa mtoto mmoja alifika kwangu. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

“Mwalimu,” akasema, “umemfundisha nini mwanangu? Kila Jumamosi huwa naongozana naye kwenda mlimani kutafuta kuni. Leo ameshika nguzo ya kitanda, analia, hataki kutoka.”

Nikamuuliza mtoto anasemaje.

“Anasema Isaka naye alibebeshwa kuni.”

Ndugu zangu, yule mtoto alikuwa amesikiliza vizuri kuliko wote. Katika Mwanzo sura ya 22, Ibrahimu anamtwika mwanawe kuni, yeye mwenyewe anachukua moto na kisu. Mtoto aliona kuni, akaona panga la baba yake, akaona mlima, akajumlisha. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mwalimu, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza tunakosea wapi. Nitarudi kwa mtoto huyu mwishoni.

Hoja ya Kwanza: Maneno yetu yasafishwe kabla hayajamfikia mtoto

Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili, na kila neno lina mzigo wake. Tuyatazame manne.

Sadaka ni neno lililotoka Kiarabu, na kwa asili yake ni kile anachopewa mhitaji kwa hiari. Lakini kwa mtoto wetu wa leo sadaka ni kikapu kinachopita katikati ya mabenchi. Dhabihu, nalo la Kiarabu, ni mnyama anayechinjwa. Mtoto amemwona mbuzi akiangushwa chini, amesikia alivyolia; huhitaji kumweleza zaidi. Kafara ni kitu kinachotolewa kuondoa kosa au balaa, lakini mitaani neno hili limechafuka. Mtoto husikia watu wazima wakinong’ona kwamba fulani alimtoa ndugu yake kafara ili apate utajiri, na huona mambo hayohayo kwenye filamu. La nne ni mhanga. Fungueni redio: mtu amejitoa mhanga sokoni, watu kadhaa wamekufa. Hilo ndilo jina ambalo taarifa za habari humpa anayejilipua kwa bomu.

Sasa mketisheni mtoto wa miaka saba kanisani siku ya Ijumaa Kuu. Anasikia kwamba Yesu alitolewa sadaka, alikuwa dhabihu, alikuwa kafara, alijitoa mhanga. Kichwani mwake vinapita kikapu, mbuzi, mchawi na bomu. Mhubiri amesema kweli tupu, na mtoto ameondoka na vitisho.

Sisemi tuyatupe maneno haya. Ni maneno ya Maandiko na ya liturujia, na mtoto atayahitaji atakapokua. Ninachosema ni kwamba kwa wadogo tuanze na neno moja lililo safi, kujitoa, tena tulieleze kwa sentensi ambayo mtoto anaweza kuikariri na kuirudia nyumbani. Mimi hutumia hii: kujitoa ni kumpa unayempenda kitu chako mwenyewe, kwa hiari, ili yeye aishi vizuri zaidi. Pimeni kila kipande. Kitu chako mwenyewe: mchawi anatoa cha mwenzake. Kwa hiari: mbuzi hakuulizwa. Ili yeye aishi: mwenye bomu anataka wenzake wafe. Ukimpa mtoto vipimo hivi vitatu, ataweza kuzichambua habari za redio mwenyewe, na hatamweka Yesu kundi moja na wauaji.

Hoja ya Pili: Upendo hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na mdogo hujifunza kwa kuupokea

Hii ndiyo hoja iliyobeba nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mnamo mwaka 400 hivi, shemasi mmoja wa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, alimwandikia Mtakatifu Augustino barua ya malalamiko. Shemasi huyo aliitwa Deogratias. Kazi yake ilikuwa kuwapokea watu wanaokuja kujifunza imani kwa mara ya kwanza, na alikuwa amechoka: maneno yake yalimchosha hata yeye, na hakujua aanzie wapi wala aishie wapi. Walimu wenzangu, nani kati yetu hajawahi kuwa Deogratias? Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo, mji unaoitwa leo Annaba nchini Algeria, alimjibu kwa kitabu kizima. Alimshauri afundishe kwa furaha, kwa sababu msikilizaji huonja uchangamfu wa mwalimu kabla ya mafundisho yenyewe. Alimwambia asimulie matendo ya Mungu kama hadithi moja, na kila kipande cha hadithi kielekee kwenye upendo. Hata suala la kiti hakulisahau: msikilizaji akichoka kusimama, apewe mahali pa kukaa. Katika yote hayo kuna wazo moja ambalo ningependa liandikwe kwenye ukuta wa kila darasa la shule ya Jumapili, kwamba hakuna kinachomvuta mtu kupenda kama kutangulia kumpenda yeye.

Hilo aliliandika Mwafrika miaka elfu moja na mia sita iliyopita. Sasa sikieni lililoonekana Roma katika karne iliyopita. Mwaka 1954 Sofia Cavalletti, msomi wa Kiebrania na Maandiko, alianza kuwafundisha watoto akishirikiana na Gianna Gobbi, mwalimu aliyefuata njia ya Maria Montessori. Wanawake hawa wawili waliwapa watoto vinyago vidogo vya mbao, kisha wakakaa kimya na kutazama. Waliona kwamba watoto wa chini ya miaka sita walirudi tena na tena kwenye mfano mmoja, ule wa Mchungaji Mwema wa Yohana sura ya 10. Wakawachukua kondoo mmojammoja, wakawaingiza zizini, wakawatoa, wakawaingiza tena. Kilichowagusa ni kwamba mchungaji anamjua kila kondoo kwa jina. Habari ya mchungaji wa mshahara anayemkimbia mbwamwitu walimu hao wawili wakaiacha hadi watoto wakue kidogo.

Hatuhitaji vinyago vya Roma. Hapa kwetu nimewaona watoto wakitengeneza kondoo kwa magunzi ya mahindi na miguu ya njiti, na zizi la vijiti vilivyochomekwa kwenye udongo. Kondoo wa gunzi anatosha kabisa kumfundisha mtoto kwamba yuko mmoja anayemwita kwa jina lake.

Lakini tusipite haraka kwenye mfano huu. Mfugaji yeyote wa Gairo au Kongwa atakueleza utaratibu wa kawaida wa zizi: kondoo hufa ili mchungaji ale. Ndivyo ilivyokuwa Palestina pia. Yesu akaja akageuza. Kwake mchungaji ndiye anayeutoa uhai wake ili kondoo waishi. Usiku wa Alhamisi Kuu akageuza tena: badala ya wanafunzi kumwosha Mwalimu miguu, Mwalimu alifunga kitambaa kiunoni akapiga magoti mbele yao. Kila mahali katika Injili mwelekeo ni huohuo. Mwenye nguvu anainama, mdogo anainuliwa.

Basi tukitaka kumfundisha mtoto sadaka ya Kikristo, tuufuate mwelekeo huo. Tusianze kwa kumuuliza atampa Mungu nini. Tuanze kwa kumwonyesha alichopewa. Nani aliamka usiku ulipokuwa na homa? Nani alikupa kipande chake cha nyama akasema ameshiba? Mtoto ambaye hajawahi kubebwa hawezi kujifunza kubeba. Atajifunza tu kutwishwa.

Hoja ya Tatu: Kila umri na chakula chake

Akina mama mnajua hili jikoni. Mtoto wa miezi minane hapewi makande, hata yawe matamu kiasi gani. Anapewa uji.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alichapisha mwaka 1932 kitabu kuhusu namna watoto wanavyopima mema na mabaya. Aliwasimulia watoto habari mbili. Mtoto wa kwanza anafungua mlango asijue kwamba nyuma yake kuna sinia la vikombe. Vikombe 15 vinavunjika. Wa pili anapanda kuchukua jemu kwa siri, anavunja kikombe kimoja. Nani amekosa zaidi? Watoto wadogo walielekea kumlaumu wa vikombe 15. Waliokuwa wakubwa zaidi waliuliza nia ya kila mmoja.

Chukueni somo hilo mlipeleke kwa mjane wa Marko sura ya 12, aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la hazina. Mwalimu anasimulia, kisha anauliza nani alitoa zaidi. Mtoto wa miaka mitano anajibu kwamba ni matajiri, na mwalimu anakasirika. Asikasirike, mtoto bado anahesabu vikombe. Msaidieni macho yake. Mimi huchukua mabakuli mawili na maharage. Katika bakuli la tajiri natia maharage 20, katika la mjane mawili. Tajiri anatoa matano, mjane anatoa mawili. Sasa siulizi nani ametoa zaidi. Nawaita watoto waje wachungulie ndani ya bakuli, niwaulize nani amebakiwa na nini. Wanainama, wanaona bakuli tupu, na mara nyingi yupo atakayesema, “Mwalimu, sasa atakula nini?” Hapo somo limefika. Huruma imeingia kwa mlango wa macho.

Kwa hiyo napendekeza mpangilio huu. Kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita: Mchungaji Mwema, Yesu akiwabariki watoto, Yesu akiosha miguu. Kwa wa miaka saba hadi tisa: mjane, Msamaria mwema, mvulana wa mikate mitano. Kwa wa miaka kumi na kuendelea: Isaka, mateso ya Ijumaa Kuu kwa undani wake, na mashahidi wa imani.

Naona mama mmoja ameinua mkono, na nadhani najua swali lake. Msalaba je? Uko ukutani kanisani, mtoto anauona tangu akiwa mgongoni. Hatuwezi kumficha, wala tusimfiche. Akiuliza, ajibiwe kweli kwa maneno machache: Yesu alituonyesha upendo wa Mungu, watu wakamuua, naye hakuacha kuwapenda, na Mungu akamfufua. Kuna sharti moja tu hapa nalishika bila kulegea: usimwache mtoto Ijumaa Kuu. Kila ukimpeleka msalabani, mfikishe Pasaka siku hiyohiyo, kabla hajaenda kulala.

Na mashahidi? Tarehe 3 Juni kila mwaka maelfu ya mahujaji, wengi wakitoka Tanzania na Kenya, hukusanyika Namugongo, Uganda, mahali Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Aliyekuwa mdogo kuliko wote katika kundi hilo ni Kizito, kijana wa miaka kama kumi na minne. Tumezoea kuwasimulia watoto moto. Lakini Lwanga alikuwa kiongozi wa vijana wa ikulu, aliyewakinga wadogo dhidi ya maovu yaliyowazunguka, naye ndiye aliyembatiza Kizito walipokuwa katika hatari. Mapokeo yanasimulia kwamba alimwahidi Kizito kumshika mkono saa ya kuulizwa habari ya imani yao itakapofika. Hapo ndipo pa kuanzia. Mwambieni mtoto habari ya mkono. Habari ya moto itafika wakati wake, na ikifika itamkuta tayari ameshikwa mkono.

Kwa walio wakubwa kidogo nina mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, kaskazini mwa Uganda. Katika hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, alikuwapo Dk. Matthew Lukwiya, Mwanglikana aliyeiongoza hospitali ya Kikatoliki. Alizitambua dalili mapema, akaweka wodi ya kuwatenga wagonjwa, akahimiza glavu, barakoa na magauni ya kujikinga. Hata hivyo wauguzi waliendelea kufa, na wenzao wakaogopa. Aliwakusanya, akawaambia anayetaka kuondoka yuko huru, lakini yeye atabaki. Mwishowe alimhudumia muuguzi wake aliyekuwa mahututi, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Ugonjwa huo uliua watu 224 nchini Uganda, na idadi hiyo ingekuwa kubwa zaidi kama si kazi yake na ya wenzake.

Msimulieni mtoto wa miaka kumi na moja habari hii, na msisahau glavu. Lukwiya hakutafuta kifo. Alivaa kinga, akawataka wengine wavae, akapigania kila mtu aishi. Hapo ndipo kijana ataitambua tofauti kati ya mtu aliyejitoa na mtu aliyejilipua.

Hoja ya Nne: Sadaka iwe ya mtoto mwenyewe, na iwe na uso

Tazameni Jumapili asubuhi. Mama anafungua pochi mlangoni mwa kanisa, anampa mtoto sarafu ya shilingi 200. Mtoto anaibana kiganjani hadi inapata joto, kikapu kikipita anaidondosha, anapongezwa. Amefanya nini? Ameihamisha pesa ya mama. Ni mazoezi mazuri ya heshima, siyapingi, lakini bado hajatoa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo wa mtoto haukuwa ndani ya sarafu ile.

Wainjili wote wanne wanasimulia jinsi Yesu alivyowalisha watu elfu tano, lakini ni Yohana peke yake anayetuambia kwamba mikate ilitoka kwa mvulana. Ilikuwa mikate ya shayiri, chakula cha watu wa kawaida, na pengine ndiyo aliyofungiwa na mama yake. Kilikuwa chakula chake cha siku ile, na kilikuwa kidogo. Yesu hakudai zaidi ya hicho.

Siku moja ya Sikukuu ya Mavuno, msichana wa miaka sita alikuja na yai moja, amelifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu. Kuku alikuwa wake, aliyepewa na bibi yake. Kama mjuavyo, baada ya ibada kuna mnada. Yakapita mahindi, mikungu ya ndizi, jogoo. Likafika lile yai, mzee wa kanisa akalinunua kwa shilingi elfu tano, watu wakapiga makofi. Mtoto akanivuta gauni. “Mwalimu,” akaniuliza, “Yesu atalila saa ngapi?”

Nilishindwa kumjibu. Yule mzee alisikia, akainama, akamrudishia yai kiganjani. Kisha tukaenda watu watatu hadi kwa ajuza mmoja aliyeishi peke yake nyuma ya kanisa. Ajuza alilipokea kwa mikono miwili, akalichemsha palepale, akalikata katikati kwa uzi, nusu akampa mtoto. Jumapili iliyofuata nilimsikia akiwasimulia wenzake: “Yesu alikula nusu, mimi nusu.” Mathayo sura ya 25, pale Yesu anaposema kwamba aliyemlisha mwenye njaa amemlisha yeye, ilikuwa imeeleweka na mtu ambaye hajajua kusoma.

Ndicho alichokigundua Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alipoanzisha chama cha watoto cha Utoto Mtakatifu mwaka 1843. Aliwaomba watoto sala fupi kila siku na senti kidogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa nchi za mbali. Watoto kuwasaidia watoto. Alijua kwamba mtoto hutoa kwa moyo anapomwona mwenzake upande wa pili wa sadaka. Basi tuwape watoto wetu uso wa kutazama: mwenzao aliyelazwa, mtoto mgeni darasani asiye na daftari, jirani mzee. Na kitu kiwe chao: nusu ya chapati, saa moja ya kucheza, zamu ya kuchagua wimbo. Kisha tunyamaze. Sifa zikizidi, mtoto atajifunza kutoa ili apigiwe makofi.

Hoja ya Tano: Kujitoa hakuna uhusiano na kudhulumiwa

Hoja hii naisema kwa uchungu. Yapo mafundisho ya sadaka ambayo yamewaumiza watoto, nasi tumeyaacha yapite kwa sababu yamevaa maneno matakatifu.

Binti wa miaka kumi na miwili anaachishwa shule ili mdogo wake wa kiume aendelee, akiambiwa huko ndiko kujitoa. Mtoto anayepigwa kupita kiasi anaambiwa avumilie, Yesu naye alipigwa. Mtoto aliyeguswa vibaya na mtu mzima anaambiwa asamehe na anyamaze, asiivunjie heshima familia. Ndugu zangu, huo ni mwelekeo wa kinyume kabisa na ule wa Injili. Hapo mkubwa anamtwisha mdogo, kisha anamsingizia Mungu.

Katika ileile sura ya 10 ya Yohana, Yesu anasema wazi kwamba hakuna anayemnyang’anya uhai wake. Anautoa kwa uamuzi wake, naye ana mamlaka ya kuutoa. Mtoto hana mamlaka hayo. Yuko mikononi mwetu, hawezi kukataa, na pasipo uwezo wa kukataa hiari haipo. Pasipo hiari, kinachotolewa hakiitwi sadaka tena. Kinaitwa dhuluma. Nabii Hosea alisema zamani kwamba Mungu anataka huruma kuliko dhabihu, na Yesu aliyarudia maneno hayo mara mbili katika Injili ya Mathayo. Paulo akaongeza kwamba hata mtu akitoa mwili wake uchomwe, kama hana upendo hapati faida yoyote.

Kwa hiyo kila mwalimu wa somo hili awafundishe watoto pia sentensi ya pili: ukiumizwa, sema. Sema kwa mama, kwa mwalimu, kwa yeyote unayemwamini, na usipoaminiwa sema tena kwa mwingine. Wafahamu kwamba nchi yetu ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kwamba namba 116 hupigwa bure na mtoto au mtu yeyote anayemtetea. Iandikwe ukutani kwenye darasa la shule ya Jumapili, karibu na picha ya Mchungaji Mwema. Zinakaa vizuri pamoja. Mchungaji huwalinda kondoo.

Tunakokwenda

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia kumaliza. Kwaresima ijayo itatukuta tena na watoto wetu, na ninaomba tuipokee na mambo matatu mapya. Kila kanisa lipange masimulizi kwa umri, ili kisu cha Ibrahimu kisionyeshwe tena kwa mtoto wa miaka mitano. Kila familia imwachie mtoto achague mwenyewe kitu kimoja kidogo cha kumpa mtu mmoja anayemjua. Na kila mwalimu, kabla ya kuingia darasani, ajiulize: wiki hii mimi nimewabebea nini watoto hawa?

Sasa nirudi kwa yule mtoto aliyeshika nguzo ya kitanda. Niliongozana na baba yake hadi kwao. Niliketi mkekani, nikamweleza habari ya kondoo dume aliyenaswa kichakani, nikamwambia kwamba Mungu alikataza Isaka asiguswe. Alinisikiliza kwa adabu, lakini mkono wake haukuachia nguzo. Maneno niliyomtisha nayo yalikuwa mengi kuliko niliyokuwa nayo ya kumtuliza.

Ndipo baba yake alipotoka nje. Nilimsikia akiliegemeza panga ukutani. Akarudi mikono mitupu, akachuchumaa mbele ya mwanawe. “Panga linabaki,” akasema. “Tutaokota zilizoanguka tu. Na kuni nitabeba mimi.”

Mtoto alimtazama kwa muda. Kisha akaachia nguzo.

Walirudi jua likielekea kuzama. Baba alikuwa na mzigo begani, jasho likimtiririka. Mtoto alitangulia mbele yake akiwa ameshika kijiti kimoja, kirefu kuliko yeye. Nilikuwa bado uani, nazungumza na mama yake. Alinipita akaenda kukiweka kijiti jikoni, kisha akanigeukia. “Mwalimu,” akasema, “hiki nimebeba mwenyewe. Hakuna aliyenituma.”

Watoto tulionao leo ndio watakaowabeba wengine kesho: wauguzi, walimu, mama na baba wa watu. Tuwabebe kwanza. Wakishabebwa, kijiti chao watakichagua wenyewe.